Uliza Shangazi: Karavani, choo na viboko wa Jipe

Wageni wa ukurasa huu wakiona neno "Shangazi" huniletea ugomvi wa ndoa. Mambo hayo yana mwenyewe, fungua kurasa tatu mbele. Mimi ni wa barabara, tela na kulala nje. Ingawa barua ya kwanza ya mwezi huu, wallahi, nimeisoma mara mbili na bado sijajua ni yangu au ni ya yule mwenzangu.

Shikamoo Shangazi. Nimenunua karavani iliyotumika kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Nyali. Ni ya ekseli moja, ina vitanda vya watu watano, jiko la gesi, friji, choo cha kaseti (kile chenye tangi dogo la kuchomoa na kumwaga) na mapazia ya maua. Naikokota kwa Prado. Likizo ya Agosti nataka kumpeleka mke wangu na watoto watatu Ziwa Jipe, siku nne. Mambo mawili yananikera. Nilipoijaribu hadi Mariakani na kurudi, ilikuwa ikiyumba kama mkia wa papa kila basi likinipita, mpaka shati likalowa jasho. La pili, mke wangu amekataa katakata. Anasema hawezi kulala "kwenye kontena porini na ndoo ya choo chini ya kitanda". Nifanyeje? Baba Watatu, Bamburi.

Marahaba mwanangu, na hongera ya karavani.

Umenieleza vitanda, friji na mapazia, lakini hukunieleza siku ile ya Mariakani ndani mlikuwa na nini na kimewekwa wapi. Ungekuwa umeketi barazani kwangu Kibokoni, hilo ningekuuliza kabla kahawa haijafika. Tela halina akili yake, hufuata ulivyolipakia.

Nikuhadithie langu. Mwaka 2014 mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tunakwenda huko huko Jipe. Nyuma kabisa, chini ya kitanda cha mwisho, nilipanga mitungi mitatu ya maji ya lita 20, na juu yake gunia la madafu, maana niliambiwa kule hakuna minazi. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hivyo hizo ni kilo 60 za maji matupu, bado madafu, bado sufuria ya pilau. Tumeshapita Samburu, hatujafika Mackinnon Road, basi la Nairobi likatupita kwa kasi. Upepo wake uliusukuma ubavu wa karavani kisha ukauvuta. Nikaona kwenye kioo mkia unakwenda kushoto, ukarudi kulia, ukaenda tena kushoto mbali kuliko mara ya kwanza. Mimi nilipiga ukemi. Yeye hakusema neno. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani sawa bila kuuzungusha, breki hakuigusa, gari likapunguza mwendo lenyewe mpaka karavani ikatulia. Angekanyaga breki kwa hofu, karavani ingetusukuma kutoka nyuma na huenda tungejikuta tumeelekea Mombasa.

Tulisimama Mackinnon Road pale msikitini, penye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo madereva wengi wa njia hii hawapiti bila kutoa chochote. Tukatoa sadaka, tukaswali, kisha akafungua nyuma akaiona mitungi yangu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Maji haya umeyateka wapi?" Nikamwambia, bombani nyumbani. Akacheka mpaka akakaa chini. Maji ya bomba letu la kisiwani yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ile ile inayofika mpaka Jipe, kwa bomba lililolazwa tangu miaka ya 1950. Nilikuwa nayarudisha Tsavo kwa karavani.

Karavani ya ekseli moja ni mizani. Magurudumu yako katikati, pua mbele imelilalia gari, mkia nyuma hauna wa kuushika. Ukiulemeza mkia, pua inakuwa nyepesi, gari linakosa cha kuishikilia, na upepo mdogo tu unatosha kuianzisha ngoma. Kabla ya safari, karavani ikiwa imepakiwa kila kitu, isimamishe pahali tambarare, weka mizani ya kupimia watu chini ya pua na kipande cha mbao katikati, usome. Waingereza, ambao hutumia sana karavani za ekseli moja, wanataka pua ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Yako ikiwa ni kilo 1,100, basi kati ya 55 na 77. Wamarekani kwa matela yao marefu wanataka 10 hadi 15. Lakini chuma cha kukokotea cha gari lako nacho kina kiwango chake kilichoandikwa, hicho usikivuke. Pua ikisoma pungufu, usiifunge jiwe mbele, hamisha mizigo. Kizito kikae sakafuni juu ya ekseli, makabati ya juu yabebe mablanketi na biskuti za watoto. Mchele, sanduku la spana na maji, vyote viingie ndani ya Prado. Prado yako ina zaidi ya tani 2, nguvu si tatizo lako.

Na mwendo. Sisi baada ya siku ile hatukupita 80, mabasi tukayaachia barabara yao.

Sasa jambo ambalo vitabu vya wazungu hawaliandiki sana kwa kuwa halijawafika kama lilivyotufika sisi, nalo ni chumvi ya hewani. Karavani hiyo imekaa Nyali miaka mingapi? Lala chini yake na nyundo ndogo, ugonge chasisi pande zote. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu huguna. Kisha ingia ndani, bonyeza sakafu kwa kidole gumba pembeni na chini ya madirisha. Mbao ikizama kama mkate uliochovywa chai, maji yaliingia zamani na hayo mapazia ya maua yaliwekwa kukupumbaza. Tairi nazo usiangalie meno. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: ukiona 2316, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya karavani huzeeka ikiwa imesimama, jua likaukausha mpira kabla haujaisha. Zangu zikifika miaka 5 au 6 natoa, hata ziwe na meno kama ya mamba. Beringi zifunguliwe zitiwe grisi mpya. Nati za magurudumu zikazwe, na zikazwe tena ukishakwenda kilomita 50 hivi, yaani ukishapita Mariakani. Na ukiiegesha miezi, usiiache breki ya mkono imevutwa. Zuia magurudumu kwa kabari za mbao, achia breki, la sivyo kutu itaigandisha. Yangu ilinigomea hivyo Idi pili, wageni wamejaa uani wananitazama.

Tuje kwa mkeo. Mkeo yuko sawa.

Choo cha kaseti hubeba lita 17 hadi 20. Wenye kukitengeneza walifikiria watu wa karatasi. Sisi ni watu wa maji. Jamaa watano wakistanji kama kawaida, taa nyekundu ya kuonya kuwa kimejaa itawaka kabla ya jioni. Halafu nani atakayeichomoa kaseti, aibebe, aimwage, aisuuze? Kama jibu lililokuwa moyoni mwako ni "yeye", basi hata mimi nisingekuja. Hiyo ni kazi yako, mwanangu, peke yako, bila kutumwa na bila kujisifu. Glavu za mpira mkononi, kaseti hadi kwenye choo cha shimo cha kambini au cha nyumbani, suuza, tia dawa upya. Si ziwani na si kichakani.

Na mpangilio uwe huu: mchana kila mtu aende choo cha kambi, kaseti ni ya usiku peke yake. Kwa sababu usiku hakuna mtu wa kufungua mlango. Mwambie hilo, tena pole pole, ile "ndoo" anayoichukia ndiyo itakayomwepusha na kiboko saa nane za usiku.

Mimi mwenyewe nilikataa miaka miwili. Kilichonivunja ni kwamba mume wangu hakunibembeleza tena, akaniomba tu nilale humo usiku mmoja uani kwa mpwa wangu Jomvu, ambako inakaa hadi leo. Nikapika mahamri kwa jiko lake. Ya kwanza yaliungua kwa sababu moto uko karibu sana na sufuria, ya pili yakaumuka vizuri. Asubuhi nilikuwa nishaamua mapazia yabadilishwe. Basi ifungue karavani hapo Bamburi, mwachie mkeo jiko, makabati na vitanda avipange yeye, mlale usiku mmoja. Ndipo mtakapojua taa ipi haiwaki na pampu ipi inavuja, nyumbani, si Jipe. Na akikataa bado baada ya hapo, mkodishie banda. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina mabanda kule Jipe, nyinyi mlale kwenye karavani kando yake.

Maji msiyabebe kutoka Mombasa kama mimi. Tieni lita 20 za njiani, mengine jazeni Voi au Taveta. Kwa kutawadha chukua birika. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo haifiki lita 1, sisi tunafungua bomba tukamwaga ndoo nzima. Kuhusu kibla, maana najua baba mkwe atakuuliza: Mombasa tunaelekea kaskazini moja kwa moja kwa kuwa Makka iko karibu sawa juu yetu. Jipe ni magharibi ya hapa, basi utapinda kidogo sana mashariki ya kaskazini. Ukibahatika Kilimanjaro ikatoa kichwa asubuhi, iache mbele ya bega lako la kushoto.

Njia yenyewe ni lami tupu: Voi, Mwatate, Maktau, kuelekea Taveta, kisha unaacha lami ukashika barabara ya vumbi. Ondokeni baada ya swala ya alfajiri, lango la hifadhi linafungwa saa kumi na mbili jioni na karavani haitaki kukimbizwa. Pesa taslimu hazipokelewi, kiingilio lipia eCitizen mkiwa bado mna mtandao. Kwenye vumbi fungeni madirisha yote, makabati yafungwe kwa kamba, mayai mke ayapakate. Mimi nilifungua mlango nikakuta trei nzima imemwagikia kwenye droo ya vijiko.

Mkifika, usikimbilie ukingo wa maji. Mtu wa Pwani akiona maji hutazama alama ya mwani ufukweni, akajua yatajaa mpaka wapi, akakaa juu yake. Ziwa halijai wala halipwi, kwa hivyo jicho letu linatudanganya. Alama ya kutafuta kule ni njia ya kiboko. Utaijua: si njia moja kama ya ng'ombe, ni mifereji miwili sambamba na tuta la nyasi katikati, kwa vile miguu ya kulia na ya kushoto ya mnyama yule imeachana kwa upana wa tumbo. Usiegeshe juu yake wala karibu yake. Kiboko hutoka majini giza likiingia, akatembea hata kilomita kadhaa kutafuta majani, akarudi kabla ya jua. Hana haja na wewe. Ana haja na maji, na atakayesimama kati yake na maji ndiye anayeumia.

Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni mtu anang'oa mkeka. Kra, kra, kra, chini ya dirisha langu. Nikafungua pazia kwa kidole kimoja, mwezi ulikuwa mkubwa, nikauona mgongo umelowa unang'aa kama chungu kilichotoka kuoshwa, mdomo unakata majani kama mashine. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa kwa mwiko. Alikula pale, kwa saa yangu, dakika 40. Nilikuwa nimebanwa na mkojo. Hapo ndipo nilipoishukuru kaseti.

Kuegesha kwenyewe: pandisha kwanza gurudumu la upande ulioinama juu ya ubao mpaka karavani ikae sawa kulia na kushoto, tia kabari, ndipo uachanishe gari. Baadaye sawazisha mbele na nyuma kwa kigurudumu cha pua. Ile miguu minne ya pembeni ni ya kutulizia, si jeki, ukiinulia karavani itapinda. Na friji yako kama ni ya gesi haitapoza ikikaa upande, usije ukaita fundi bure.

Matunda mwisho. Machungwa, maembe na ndizi usilale nayo, ndovu huyanusa kutoka mbali na ukuta wa karavani kwake ni karatasi. Nyani mchana ni mwizi anayejua kitasa. Na Tsavo ina mbung'o, ambao hupenda buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Mimi nilikwenda na buibui langu jeusi nikarudi na vivimbe shingo nzima. Sasa naenda na leso na mtandio mweupe.

Shangazi, Probox inaweza kukokota karavani mpaka Naivasha? Kijana, Magongo.

Kupanda, huenda. Kuteremka na kusimama ndiko kunakoniogopesha. Probox yenyewe ina kama tani 1, na kanuni ya Waingereza kwa anayeanza ni karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, yaani kilo 850 hivi, nayo hiyo ni karavani ndogo mno. Sasa fikiria safari: unatoka usawa wa bahari, unapanda mpaka Limuru kuliko juu ya mita 2,000 ambako injini inakosa pumzi, halafu unateremka bonde la Mai Mahiu na mzigo unakusukuma mgongoni. Ukikanyaga breki njia nzima zitapata moto na kulegea. Hata mwenye Prado hapo hushuka kwa gia ndogo. Nunua hema, kijana. Litaingia kwenye buti na nafasi ya godoro itabaki.

Assalamu alaykum Bi Shangazi. Mimi ni mkaazi wa Likoni. Karavani yangu ni ndefu kiasi na naogopa feri. Nimeambiwa inaweza kuganda pale pa kupandia. Ni kweli? Mama Rukia.

Wa alaykum salaam dada yangu. Ni kweli, na ushahidi uko kwenye miguu ya nyuma ya karavani yangu, mmoja umepinda mpaka leo. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda maji yamepwa. Hapa kwetu bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 maji yakiwa makubwa, basi ikipwa kabisa, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali. Gari liko juu ya feri, karavani bado iko kwenye mteremko, katikati panakunjika kama kiwiko na mkia unakwaruza chini. Nilisikia kraaa, abiria wa miguu wakashika vichwa. Ukilazimika, tazama jedwali la maji uende yamejaa, kunja miguu yote juu, inua kigurudumu cha pua, na mtu mmoja ashuke aangalie mkia. Lakini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu. Utazunguka, utatokea Miritini bila kugusa maji wala kumbughudhi mtu. Mimi hiyo ndiyo njia yangu nikienda kwa watani zangu Msambweni.

Shangazi shikamoo. Mimi naogelea vizuri, huvuka kutoka Tudor mpaka ng'ambo. Nikienda Jipe na darasa letu naweza kuogelea? Na ziwa la Chala je? Mwanafunzi, Tudor.

Marahaba. Hapana.

Jipe haina kina, hata pale penye maji mengi ni kama mita 3, na kando zake zimejaa matete. Ndani ya matete hayo mna mamba na viboko, na ustadi wako wa mkondo wa Tudor hautakusaidia na wenyeji hao. Kisha kuna kichocho, ugonjwa ambao sisi wa maji ya chumvi tunausahau. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ukiwa umesimama tu, hata maji yakufike magotini. Chala ni ziwa la volkeno, kuta zake zimesimama na kina chake kinapita mita 90. Ni zuri kulitazama kutoka juu. Mamba walishaonekana humo pia. Jipe kuna mambo mengine ya kufanya: kuna perege ambaye wanasayansi wamempa jina la ziwa, Oreochromis jipe. Nusu ya ziwa ni ya Kenya na nusu ni ya Tanzania, na milima ya Upare unaiona ng'ambo. Mwalimu wenu awaonyeshe. Ogelea ukirudi.

Shangazi, tulikwenda Naivasha tukiwa wanne, karavani ya kukodi. Usiku baridi ilituzidi, tukaingiza jiko la makaa ndani, tukafunga madirisha na kuziba kwa vitambaa vitundu vya sakafuni vilivyokuwa vikiingiza upepo. Asubuhi wote tuliamka na kichwa kikali, mmoja akitapika, mwingine hakuweza kusimama mpaka tulipomtoa nje. Mwenzetu anasema ni upepo mbaya wa ziwa, mwingine anasema ni nyama. Wewe unasemaje? Msomaji, Mikindani.

Hii barua niliiweka chini nikanywa maji kwanza.

Si upepo wa ziwa, wala si nyama. Ni moshi wa makaa, hata kama hamkuuona moshi. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na hushika damu mahali pa oksijeni, kwa hivyo mtu hulala usingizi mzito na haamki. Kichwa, kutapika na miguu kukosa nguvu ndizo dalili zake, na kupata nafuu mlipotoka nje ndiko kunakonihakikishia. Mlibaki kidogo sana. Mwenzenu yule aliyeshindwa kusimama, kama bado anasikia kizunguzungu au anasahausahau, aende akaonwe na daktari na amweleze wazi kuwa ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Asione haya.

Najua ilivyokuwa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na sisi tukienda tunabeba mashuka mawili ya Mombasa tukidhani ni mengi. Lakini jiko la makaa haliingii ndani ya karavani, wala hema, hata dakika tano, hata likiwa limeanza kufifia. Linalofifia ndilo baya zaidi. Jiko la gesi la kupikia nalo si la kuotea moto.

Na vile vitundu vya sakafuni mlivyoziba havikuwa kasoro ya fundi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, hushuka sakafuni ikatulia kama maji, ikingoja mtu awashe kiberiti. Vitundu vile ni vya kuitoa. Mkirudisha karavani za watu, toeni vitambaa vyenu.

Mara nyingine chukueni mablanketi mazito mawili kila mtu, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyovishwa kitambaa, mwiweke miguuni. Marehemu mume wangu alikuwa akitia soksi mbili, moja juu ya nyingine, na kofia ya kufuma aliyopewa na mkwe wa Limuru, akalala kama mtoto wa Kikuyu.

Shangazi, naona unasema karavani yako iko Jomvu imekaa tu. Unaiuza? Mteja, Mtwapa.

Haikukaa tu. Desemba inakwenda Jipe, inshallah, na wajukuu watatu na dereva mpya ambaye ni binti yangu. Tunamfundisha kupiga rivasi uani: mkono ushike usukani kwa chini, na unakotaka mkia wa karavani uende, ndiko mkono uende. Wiki iliyopita ameangusha ndoo mbili na kamba ya nguo.

Siiuzi. Ila mlango wake umevimba kwa mvua za masika, unakwama chini. Ukimjua fundi wa mbao ambaye akisema Jumanne huja Jumanne, huyo niandikie.